Kwa Nini Juu Kuna Baridi? Joto la Angahewa na Maji ya Rufiji

Katika ziara zetu za miradi wilayani Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji, tumekuwa tukikutana na maswali matatu ambayo kwa haraka huonekana hayana uhusiano. La kwanza huulizwa na wanafunzi: kama jua ndilo linaloleta joto, kwa nini mtu akipanda mlima, akawa amelisogelea jua, anakutana na baridi? La pili huulizwa na wakulima wa mpunga: inakuwaje maji yanafurika mashambani siku ambazo hapa kwetu anga ni jeupe na hakuna hata tone la mvua? La tatu huulizwa na karibu kila mtu: je, joto la siku hizi linatokana na kutoboka kwa ozoni?

Majibu ya maswali haya yote yanaanzia mahali pamoja, nalo ni namna joto linavyobadilika kadiri unavyotoka usawa wa bahari kwenda juu. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili katika toleo hili. Halihusu darasani peke yake. Mtu asiyelielewa anaweza kutazama angani akaona kweupe, akalala kwa amani, na usiku maji yakamkuta kitandani.

Hewa hupashwa joto kutoka chini

Tuchukue mfano wa sufuria ya maji jikoni. Moto uko chini, kwa hiyo maji ya chini hupata joto kwanza, kisha hupanda na kupeleka joto juu. Angahewa nayo iko hivyo hivyo. Mwanga mwingi wa jua hupita katika hewa kama unavyopita katika kioo cha dirisha, bila kuipasha joto sana. Unapofika ardhini na baharini ndipo unapomezwa. Ardhi hupata joto, nayo huipasha hewa iliyo juu yake. Wavuvi wetu wanalijua hili kwa nyayo zao: saa saba mchana mchanga huunguza miguu, wakati hewa ya usawa wa kichwa bado inavumilika.

Hivyo basi, anayepanda mlima hasogei kwenye jiko, bali anaondoka jikoni. Umbali kutoka duniani hadi kwenye jua ni kilomita zipatazo milioni 150, na mlima Kilimanjaro hauna hata kilomita 6 kwenda juu. Kulisogelea jua kwa kiasi hicho ni sawa na bure.

Ipo sababu ya pili, na hii fundi baiskeli anaifahamu. Unapojaza upepo, pampu hupata joto kwa sababu hewa inabanwa. Unapofungua vali na upepo kutoka kwa nguvu, hewa inayotoka ni ya baridi kwa sababu imepata nafasi ya kutanuka. Hewa inayopanda angani nayo hukutana na mgandamizo mdogo zaidi kadiri inavyokwenda juu. Hutanuka, na katika kutanuka hupoa. Hewa kavu hupoa kwa karibu nyuzi joto 10 za sentigredi kwa kila kilomita moja inayopanda. Hewa yenye unyevu mwingi hupoa kidogo zaidi ya nusu ya hapo au pungufu, kwa sababu mvuke unapogeuka kuwa matone hutoa joto. Kwa wastani wa dunia, joto hupungua kwa nyuzi 6.5 kwa kilomita, yaani zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100.

Aliyewahi kusafiri kwa basi kwenda Iringa na Njombe amelipitia jambo hili. Basi likianza kupanda mlima Kitonga masikio huziba kwa sababu mgandamizo wa hewa unapungua, na kabla ya kufika Iringa abiria wa kutoka Pwani huanza kutafuta shuka. Jua ni lile lile alilolaacha Kibiti asubuhi.

Theluji iliyokataliwa London

Jambo hili liliwahi kuzua mabishano makubwa. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Mwenyeji aliyekuwa akimwongoza alimweleza kuwa weupe ule ni baridi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo Ulaya. Baadhi ya wasomi waliokuwa wameketi London, hasa mwanajiografia William Desborough Cooley, waliikataa kabisa. Hawakukubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Mabishano yalipungua baada ya Baron Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima huo mwaka 1861 na 1862 na kuleta uthibitisho.

Hesabu ndogo ingewasaidia. Wastani wa joto katika pwani yetu ni kama nyuzi 26. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Tukipunguza nyuzi 6 hivi kwa kila kilomita, tunafika karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kwenye barafu karibu na kilele mwaka 2000 kilionyesha wastani wa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Yule mwongozaji wa Rebmann hakuwa na kipimajoto, lakini jibu lake lilikuwa sahihi.

Ndege za vita na hewa ya delta

Hapa kwetu delta tuna ushahidi wetu wenyewe kuhusu upande wa pili wa jambo hili, yaani kwamba hewa yenye joto ni nyepesi. Wazee wamesimulia habari za meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914. Mikoko ilikuwa imeificha kiasi kwamba Waingereza walilazimika kuleta ndege za kuitafuta kutoka juu.

Ndege hizo za kutua majini zilipata taabu kubwa. Zile za aina ya Sopwith zilizoletwa mapema mwaka 1915 hazikumudu kazi katika joto la pwani yetu, na zilizofuata ziliweza kuruka chini chini tu, mahali ambapo ni rahisi kupigwa risasi. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka inakuwa nyepesi. Bawa la ndege linakosa cha kuegemea, na injini inapata hewa kidogo kuliko inavyohitaji. Hatimaye zililetwa ndege za kutua nchi kavu, zikawekewa uwanja kisiwani Mafia, na ndizo zilizoelekeza mizinga ya Waingereza hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Hewa ile ile iliyokataa kubeba ndege ndiyo inayotuletea mvua. Kwa kuwa ni nyepesi, hupanda, na ikipanda hupoa. Sasa tuone nini kinafuata.

Mvua inatengenezwa milimani

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unapofika Kibiti umejaa mvuke, lakini nchi yetu ni tambarare. Upepo hupita bila kulazimika kupanda sana, na mara nyingi mvuke huo hupita juu ya vichwa vyetu kuelekea bara. Unapokutana na milima ya Udzungwa, na nyanda za juu za Mahenge na Njombe, hauna njia nyingine isipokuwa kupanda. Ukipanda hupoa, ukipoa hauwezi tena kubeba mvuke wote, na mvuke hugeuka kuwa mawingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata hadi milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na hata zaidi, wakati sisi wa Pwani hupata kama nusu ya hiyo.

Maji hayo hayabaki huko. Mto Ruhudji huanzia upande wa Njombe na kuingia Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo mto unapoanza kuitwa Rufiji. Ruaha Mkuu nao huingia baadaye. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero peke yake. Kutoka Njombe hadi delta ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na maji huchukua siku kadhaa njiani. Hili ndilo jibu la wakulima wetu. Maji yanayofurika Mbuchi au Msala leo yalinyesha siku zilizopita, mahali pengine kabisa, mahali penye baridi.

Wazee wa bondeni waliishi na elimu hii. Walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalinda mazao yao na kuwa salama maji yakipita. Mafuriko yakishuka yaliacha udongo wenye rutuba, wakalima mlau katika unyevu uliobaki. Kwao mafuriko hayakuwa balaa peke yake.

Hali imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa mwezi Desemba 2022, na tangu hapo maji ya mto hupita bwawani kabla ya kutufikia. Katika mvua kubwa za mwaka 2024 zilizoambatana na El Niño, maji yalizidi, milango ya bwawa ikafunguliwa, na vijiji vya Rufiji na Kibiti vikafurika mwezi Aprili. Nyumba na mashamba mengi yaliharibika. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikafika Mafia.

Ni vyema pia ikaeleweka kwamba kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Maana yake, dunia ikiendelea kupata joto, hewa itafika milimani na mzigo mkubwa zaidi, na mvua zitakaposhuka zitashuka kwa nguvu zaidi.

Asubuhi mambo hugeuka

Kanuni ya joto kupungua kwenda juu ina nyakati inapogeuka. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto haraka na hewa inayoigusa hupoa. Alfajiri hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake kidogo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hutulia na haipandi. Ndipo tunapoona moshi wa matanuri ya mkaa na wa majiko umelala juu ya kijiji kama shuka, na ukungu umejaa bondeni. Jua likishapanda na kupasha ardhi joto, shuka hilo hutawanyika. Akina mama wanaopikia ndani, pamoja na watoto wao, ndio wanaovuta moshi mwingi zaidi saa hizo.

Dari la mawingu

Sehemu ya chini ya angahewa, ambamo joto hupungua kwenda juu, huitwa troposfia. Humo ndimo mvua, mawingu na dhoruba zote tunazozijua zinamotokea. Lakini kupungua huko kuna mwisho. Juu ya nchi za Ikweta, kama kilomita 16 hadi 18 kutoka ardhini, joto huacha kupungua, na baada ya hapo huanza kupanda. Tunaweza kupaita dari. Wakati wa masika, tazama kwa mbali wingu kubwa la radi. Utaona kichwa chake kimetandaa kama mwavuli au fuawe la mhunzi. Limefika darini na halina pa kwenda, ndiyo maana limetandaa.

Vipimo vya mwanzo vya dari hili katika sehemu yetu ya Afrika vilichukuliwa mwaka 1908, pale wanasayansi wawili kutoka Ujerumani, Arthur Berson na Hermann Elias, walipokuja kurusha maputo yenye vipimo juu ya Ziwa Victoria. Walikuta baridi ya zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kali kuliko iliyokuwa imepimwa katika kimo kama hicho Ulaya. Wengi hushangaa kusikia kwamba hewa baridi kuliko zote katika sehemu hii ya angahewa iko juu ya nchi za joto kama yetu. Sababu ni ile ile ya sufuria. Palipo na moto mkali hewa hupanda juu zaidi, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kupoa. Katika ncha za dunia dari liko chini, kama kilomita 8 au 9 tu, hivyo hewa haipati nafasi ya kupoa kiasi hicho.

Juu ya dari ni stratosfia, inayofika kama kilomita 50. Humo kuna ozoni, ambayo humeza mionzi hatari ya jua na kupata joto kutokana nayo. Kwa hiyo kule kadiri unavyopanda joto huongezeka, hadi kukaribia nyuzi sifuri. Baada ya hapo ni mesosfia, ambapo ozoni imepungua na joto hushuka tena hadi kama nyuzi 90 chini ya sifuri katika kilomita 85 hivi. Vimondo vingi huteketea humo kabla ya kutufikia. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni miongoni mwa vichache vilivyofika.

Juu kabisa ni themosfia, ambako joto linaweza kuzidi nyuzi 1,000. Hata hivyo hewa ni chache mno kiasi kwamba joto hilo halimuunguzi mtu. Cheche ya fundi wa kuchomelea ina moto mkali kuliko chai, lakini cheche moja ikikudondokea mkononi hakuna kitakachotokea, wakati kikombe cha chai kingekubabua. Hewa hiyo chache nayo imepimwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti San Marco 2 kutoka jukwaa lao baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, kupima uzito wa hewa ya juu katika eneo la Ikweta.

Je, ni ozoni?

Sasa tunaweza kulijibu swali la tatu. Hapana, joto la siku hizi halitokani na kutoboka kwa ozoni. Kwanza, tundu la ozoni lililotangazwa na wanasayansi wa Uingereza mwaka 1985 liko juu ya bara la Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Pili, ozoni inafanya kazi ya kuzuia mionzi inayodhuru ngozi na macho, na kupungua kwake si kufungua dirisha la joto. Tatu, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulipiga marufuku hatua kwa hatua gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiiharibu, na ozoni inaendelea kupona. Wataalamu wanatarajia katika sehemu kubwa ya dunia iwe imerudi hali yake ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi.

Kinachoongeza joto ni gesi joto, hasa hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Gesi hizi ni kama blanketi. Ukijifunika, joto la mwili hubaki ndani, na nje ya blanketi hubaki baridi. Vipimo vya setilaiti na maputo vinaonyesha hivyo hivyo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, troposfia imekuwa ikipata joto wakati stratosfia imekuwa ikipoa. Wapo wanaosema ni jua limeongeza ukali. Kama ingekuwa hivyo, juu na chini pote pangepata joto.

Kwa hiyo tunapopanda mikoko hatuzibi ozoni. Tunapanda kwa sababu mikoko humeza hewa ukaa na kuihifadhi katika matope yake, huvunja nguvu ya mawimbi, na ni nyumba ya kamba na samaki. Sababu hizo zinatosha.

Mambo ya kuzingatia

1. Kuanzia Machi hadi Mei, unaposikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiishie mkoa wa Pwani. Sikiliza pia Njombe, Iringa, Morogoro na Ruvuma. Mvua kubwa ya mfululizo kule ni habari yako.

2. Kamati za maafa za vijiji zifuatilie taarifa za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na za bwawa la Julius Nyerere, na zihakikishe zinatangazwa misikitini, makanisani na shuleni siku hiyo hiyo, hasa visiwani ambako mtandao wa simu ni wa shida.

3. Mbegu, vyeti na dawa viwekwe mahali pa juu mapema. Wazee, wagonjwa na wajawazito wahamishwe kwanza, wakati mitumbwi bado inapita kwa usalama.

4. Usichome taka wala kuwasha tanuri alfajiri karibu na nyumba. Subiri jua lipande ili moshi upate kupanda.

5. Walimu wanaweza kufanya jaribio rahisi la vipimajoto viwili, kimoja kikiwa karibu na ardhi na kingine kikiwa juu ya mti, vyote kivulini. Visomwe saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana kwa wiki nzima. Wanafunzi wataona wenyewe jinsi mchana chini kunavyokuwa na joto zaidi, na jinsi alfajiri mambo yanavyogeuka. Shule zitakazofanya jaribio hili zituletee vipimo vyao kupitia waratibu wetu wa kata, nasi tutavichapisha katika toleo lijalo.